Ulanzi wa kiangazi

Dorika, nimeumbuka. Nimeumbuka darasa zima likinitazama!

Kwenye utafiti wangu nimeandika ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unagemwa kiangazi. Habari hiyo nimeitoa kwenye tovuti moja. Mwalimu akauliza, "Nani kaandika? Lini?" Nikatafuta. Hakuna jina, hakuna tarehe. Akasema, "Kwenu Makambako hakuna mgema wa kumuuliza?"

Mgema! Dorika, baba yangu mwenyewe mgema! Masika yote ya utoto wangu nimembebea ulanzi; kiangazi hajawahi kugema.

Na wiki iliyopita alitaka kunieleza kwenye simu. Nikamkatisha, "Baba, huku Njombe chuo kinataka vyanzo vya maana."

Nimempigia sasa hivi. Kauliza taratibu, "Vile vyanzo vya maana vimekusaidia, mwanangu?"

Hakuwa akinisuta, Dorika. Alikuwa anauliza kweli.