Utamu wa Masurufu

Kwa Bi Shamsia, salamu.

Masurufu ni chakula cha safarini, na utamu wake hutokana na njaa, si na mpishi. Mafuriko yalipokata barabara, tukatembea na jamaa kutoka Mtunda tukiwa na mizigo mabegani, nilikula muhogo wako uliopoa kwa ng'onda, samaki mkavu wa juani, nikakusifu mbele ya wote. Tulipofika tu, nikapeleka posa kwa baba yako. Tangu tuoane unanipikia vilevile, nami nasukuma sahani. Juzi ukanidhihaki: "Nikutembeze kwanza, bwana, ndipo ule?"

Umesema kweli. Nimekuacha kwa talaka moja. Kaa eda humo nyumbani, kama sheria inavyotaka. Mimi nipo Kibiti. Limebaki moja nisiloweza kulipambanua: nilikuposa wewe, au niliposa njaa yangu?

Habibu