Kanga ya Idi ya Bwana wa Shangazi Mize

Konde, Pemba
Mfungo Sita, 1959

Shangazi yangu Mize,

Kila nikipita makaburini nakutolea salamu kama tulivyofunzwa, amani iwe juu yenu mliotutangulia, kisha naenda zangu mbio kwa sababu kengele ya skuli ninayosomesha hainingoji. Leo skuli imefungwa, watoto wote wako kwenye karafuu, kwa hivyo nimekaa nikusalimie kwa kirefu. Najua barua hii haina posta. Lakini unanijua: jambo nisiloliandika halinitulii kichwani. Kwenye shajara yangu nimeweka tarehe ya kila kilichotokea tangu ulipotutoka, na bado naona sijamwambia anayehusika.

Unataka kusikia habari ya Bi Shumbana na nyumba. Subiri, nitafika. Wewe ndiye uliyekuwa ukinambia chai haimiminwi kabla maji hayajachemka.

Ulipozikwa, Bi Shumbana alikaa ndani. Hakuna aliyemwambia akae. Eda ni ya mke aliyefiwa na mume, na yeye kwa hesabu ya watu alikuwa shoga yako tu, mliyekaa nyumba moja tangu mimi sijazaliwa. Hakupaka wanja, hakujifukiza udi, hakutoka hata kwenda kisimani. Jirani mmoja mgeni akauliza, "Kwani huyu kafiwa na nani?" Bi Kombo, aliyekuwa akigawa chai, hata hakuinua kichwa. "Kafiwa. Weye lete vikombe." Nilicheka, Shangazi. Msibani! Nikajifanya nimepaliwa.

Nilikumbuka siku ile niliporudi kutoka skuli ya Unguja, kichwa kimejaa somo la viumbe. Tulikuwa barazani, mimi na wewe na rundo la karafuu, tunachambua, karafuu huku na makonyo, vile vijiti vyake, kule. Mwalimu alikuwa ametufunza namna mbegu ya njegere inavyorithi rangi kwa wazee wake, nami nikajiona nimepewa ufunguo wa kila mlango wa dunia. Nikakuuliza bila haya: "Shangazi, wewe kumpenda Bi Shumbana, ulizaliwa nako au ulifunzwa?"

Mikono yako haikusimama. Ulicheka mpaka kofia ya ukili iliyokuwa pajani ikaanguka, kisha ukasema maneno niliyoyaandika jioni ile ile. "Kufunzwa? Miye nilifunzwa kutaka mume, mwanangu. Mama kanifunza, kungwi kanifunza, nikapakwa liwa, nikaimbiwa, nikapigiwa ngoma mpaka masikio yakaziba. Kisiwa kizima kilikuwa skuli yangu. Hakuna hata mmoja aliyenifunza kumtaka Shumbana. Somo hilo nilikuja nalo."

"Na Baba?" nikauliza. "Mbona yeye hakuwa hivyo?"

"Nani, Faki? Tumenyonya ziwa moja, tumekula sahani moja, tumechapwa na fimbo moja chuoni. Miye nikipita mbele ya vijana wa kiume na kuni kichwani, hata shingo sikugeuza. Yeye kaanguka mnazini mara mbili kwa kuwatazama wasichana wanaokwenda kuteka maji."

Bi Shumbana akapaza sauti kutoka jikoni: "Mara tatu! Ya tatu alisingizia kunguru."

Nimeifikiria siku hiyo mara nyingi, kwa utaratibu wangu ule mnaoucheka. Naona jambo hili lina sehemu mbili. Kuna kinachoota ndani ya mtu, ambacho hakuna fimbo wala ngoma inayokileta au kukiondoa. Na kuna yale tunayomfanyia mtu baada ya hapo: majina tunayompa, nguo, mlango tunaomfungulia au kumfungia. La kwanza silijui linatoka wapi, kwenye damu au tumboni mwa mama au kwa Mola moja kwa moja. Kitabu cha skuli kiliishia kwenye njegere. La pili nalijua vizuri, kwa sababu kwako lilikuja na mbuzi.

Kisa cha mbuzi nilisimuliwa na Baba, na alisimulia bila kucheka, ndiyo maana nilikiamini. Ulipoachika kwa yule mume wako wa kwanza na wa mwisho, ukakataa posa zote, wazee wakasema una sheitani wa kiume aliyekuoa kabla binadamu hawajakuwahi. Akaitwa fundi wa mashetani, ukafukizwa, ngoma zikapigwa, Baba akatoa mbuzi. Ukapandisha, akawa anasema kwa kinywa chako. Sheitani akaulizwa anataka nini ili asikudhuru. Akajibu kwa sauti nzito: anataka kiti chake, yaani wewe, asiposwe tena na mtu. Anataka udi kila Ijumaa, halua, na kanga mpya kila Idi. Na kwa kuwa yeye husafiri sana, anataka kiti chake asikae peke yake. Aletewe mwenzake wa kukaa naye, yule msichana wa Micheweni mwenye mwanya.

"Nikashangaa," Baba alinambia. "Sheitani katoka ng'ambo ya bahari, lakini anamjua mwenye mwanya wa Micheweni."

Nilikuuliza kama ulijitia tu kupandwa. Uliniangalia kwa uso wako mkavu. "Miye sikumwita. Lakini alipokuja, tulisikilizana."

Sasa maji yamechemka, Shangazi.

Baada ya hitima yako ya arubaini, wakakaa barazani baada ya sala ya Alasiri, Baba na Ami Hamad, kaka zako wawili na warithi wako wawili. Mimi nilikuwa ndani ya mlango nikipanga sahani, Bi Shumbana nyuma yangu. Ami Hamad akasema mwanawe anaoa baada ya karafuu, na nyumba ya Mize si inakaa bure?

"Haikai bure," Baba akasema. "Yumo Bi Shumbana."

"Bi Shumbana ana kwao Micheweni. Si mke wa mtu hapa, si damu yetu. Kisheria hana kitu."

Na ni kweli, hana. Niliusikia mkono wake ukishika kanga yangu kwa nyuma. Kwao Micheweni hakuna aliyebaki ila shamba la mawe na mpwa asiyemjua. Nilitaka kutoka nje niseme. Nilikuwa nimeshajipangia hotuba nzima, Shangazi, yenye njegere ndani yake. Mshukuru Mungu, Baba alinitangulia.

Akakohoa. Akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Na yule bwana?"

"Bwana gani?"

"Bwana wa Mize. Aliyekula mbuzi wangu. Yeye hakuzikwa, Hamad. Tulizika kiti chake, yeye yumo."

Ami Hamad akaanza kutafuta viatu vyake. Baba akaendelea taratibu. "Kila Ijumaa huwashiwa udi. Ana udi wake autakao na pembe yake ya chumba aitakayo. Mimi siujui. Weye waujua? Mwanao aujua? Maana bibi harusi akiingia chumba kile bila ya ruhusa, nami nimesikia yule bwana anapenda wake za watu..."

"A'udhubillahi!" Ami Hamad akasimama, kiatu kimoja mguuni.

"Nauliza tu. Anayemjua ni Bi Shumbana peke yake."

"Basi akae! Kwani nani kasema aondoke? Akae mpaka afe yeye na huyo bwana! Mwanangu nitamjengea pangu."

"Mashahidi mmesikia," Baba akasema, na Bi Kombo kutoka uani akajibu kwa kigelegele ambacho hakijapata kusikiwa kwenye hitima yoyote ya Konde.

Bi Shumbana alikaa chini pale pale juu ya mkeka, akacheka na kulia kwa pamoja, mwanya wote nje. Baba alipoingia kunawa mikono hakumtazama machoni. Alisema tu, "Shemeji, udi ukiisha nambie." Shemeji, Shangazi. Kwa miaka yote hiyo sikupata kumsikia akimwita hivyo.

Nilimuuliza baadaye kama kweli anaamini yule bwana yumo. Akafikiri. "Sijui," akasema. "Ila kati ya mashemeji zangu wote, ndiye pekee aliyemtunza dada yangu."

Ijumaa iliyopita alileta halua ya bwana. Tuliiweka chumbani, udi ukawashwa, tukangoja kwa adabu. Bwana hakula. Tukala sisi, na Baba akala zaidi.

La mwisho ni langu. Nimeposwa, na nimekubali. Ni Khamis, mwalimu mwenzangu, yule mfupi. Usicheke. Kila nilichofunzwa kukitaka hana: urefu hana, mikarafuu hana, ukoo wake hakuna anayeujua. Ana sauti. Akiita majina ya watoto asubuhi, mimi ninayesomesha darasa la pili napoteza hesabu yangu. Nimejaribu kutafuta sababu nikaiandike, sikuipata, na hapo ndipo nilipokuelewa kuliko siku zote. Na mimi somo langu nilikuja nalo. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikuhitaji mbuzi.

Bi Shumbana ndiye atakayekuwa somo wangu, kungwi wangu, siku ya harusi. Wanawake wa mtaani waliguna kidogo, ati mtu ambaye hajapata kuolewa atanifunza nini kuhusu kukaa na mtu. Bi Kombo akawajibu: "Miaka yote hiyo hamkusikia hata sahani ikivunjika nyumba ile. Njooni nyinyi mumfunze, na vyombo vyenu vilivyokwisha."

Lala salama, Shangazi. Mola akupanulie kaburi lako. Nakuahidi haya: nikijaaliwa watoto, nitawafunza kusoma, kusali na kusitiri watu, na somo la nani wa kumpenda nitawaachia waje nalo wenyewe. Na kila Idi, maadamu niko hai, bwana wako atapata kanga yake. Ya Idi ijayo nimeshainunua, nyekundu, kama mlivyozoea. Nimempimia Bi Shumbana mabegani. Imemkaa bwana wako vizuri sana.

Mwanao,
Asha