Aliyedandia Lori ni Mimi

Kadzo mdogo wangu,

Hamjambo huko Mikindani? Mama anaendeleaje na mguu wake? Na kuku wangu, mmeshawala wote? Mimi huku Maskati ni mzima. Nafua, napika, na kila asubuhi namsuka binti wa watu nywele huku namuwaza wangu. Barua hii nimempa jirani anayerudi likizo, kwa sababu kwenye simu Mbeyu husikiliza kila neno.

Hongera kwa kitabu ulichoandika. Mbeyu mwanangu alinisomea chote kwa simu. Akafika pale msichana wako shujaa anapodandia lori likipanda mlima polepole, na dada yake mwoga amebaki kando ya barabara, ameshika ndara, analia. Mbeyu akacheka. "Kumbe mama mdogo alikuwa hivyo! Na wewe mama, ndiye uliyekuwa ukilia?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

Haki ya Mungu, Kadzo, nina wivu, wala sifichi. Ndara zile zilikuwa zangu. Aliyezishika ni wewe, na makamasi yalikutiririka mpaka kidevuni! Nilikuachia Mbeyu umlee, na unamlea vizuri, nashukuru. Sikukuachia na utoto wangu.

Tena ulipouchukua, umeufua mpaka umepauka. Msichana wako anaanguka, anatubu, anaapa kutulia nyumbani akune nazi. Najua utasema mchapishaji ndiye aliyetaka, ati msichana mtundu asipotubu wazazi hawanunui. Kwani wasichana wa vitabuni lazima wote waishie jikoni? Mimi nilianguka, nikafunga goti kwa kitambaa chako cha kichwa, nikadandia lililofuata mpaka Changamwe. Nikarudi na muwa, tukagawana. Ungeliandika hilo, Mbeyu angemjua mamake.

Ameniambia akikua anataka kuwa kama wewe. Nililia bafuni, nimefungulia maji wasinisikie.

Nakuomba kitu kimoja. Jioni mkiwa mkekani, kunja dera lako mpaka magotini, umwambie Mbeyu atafute kovu. Akilikosa, mwambie liko huku.

Nisalimie mama, mjomba wetu fundi wa baiskeli, na mama wa mahamri pale kona. Mkumbatie Mbeyu kwa niaba yangu, lakini usimkumbatie sana.

Dada yako,
Sidi