Siku Uliyowaambia Muswahili Ni Nani

Mama Hawa, mke wangu,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Hawa alitaka kunisaidia, nikamwambia apana, mutu aliyefungua injini za malori yote ya mtaa wetu wa Buyenzi atashindwa na kalamu? Herufi zikipinda, we unanijua, utasoma tu.

Juzi mwalimu mmoja alikaa garajini akatueleza kwamba neno Kiswahili limetoka kwa Waarabu, maana yake mambo ya pwani. Nikambishia mpaka chai ikapoa. Pwani gani, na mi sijaona bahari? "Mzee, iko kwenye vitabu," akasema. Nikamwambia vitabu havikuwepo mlangoni kwetu siku ile.

Unakumbuka ndugu yako Melkiori alivyotudharau? Kule kwenu mlimani mutu akidanganya wanamwambia, "Usinitolee Kiswahili." Ulipoolewa na mi, fundi Muislamu, akasema dada yake ameenda kusomea uongo. Halafu vita vikaja, nyumba yake ikaungua, akakimbilia kwetu na shati moja. Ukamtandikia mkeka, ukampa wali na ndagala, visamaki vya ziwani. Hukumuuliza kitu.

Kesho yake asubuhi vijana wenye fimbo na visu wakasimama mlangoni, wanatafuta watu wa kabila la Melkiori. Mi nilishika spana kubwa, na ningewapiga, mkono wangu unajulikana. We ukanisukuma nyuma, ukatoka na mwiko.

"Hapa ni Waswahili tu."

"Na yule? Tazama ile pua yake!"

"Kwani Uswahili wanaupima kwa pua? Amekula kwangu, amelala kwangu. Muswahili! Na nyie, mama zenu wanajua muko wapi?"

Majirani wakatoka, Warundi wa kila namna na Wakongomani, wakasimama nyuma yako: "Eeh, Muswahili huyo!" Kijana mmoja akacheka, mwenzake akatazama chini. Wakaenda.

Mama Hawa, nimefufua malori yaliyokuwa yameota majani, lakini kitu kama kile sijawahi kukiona. Neno walilotutukania, ukalifungua kama mlango, mutu akaingia na roho yake.

Risasi bado tunazisikia milimani. Melkiori anauza mkaa mtaa wa Bwiza. Wakimuuliza kabila lake anajibu, "Mi Muswahili," halafu anaendelea kwa Kiswahili kibovu cha kuumiza masikio. Na mi, ninayesahihisha kila mutu, yeye simsahihishi.

Mungu akulaze pema peponi.

Mume wako,
Baba Hawa