Uwanja wa Itobela Haukuwa Pori

Itobela, Nzega
18 Agosti 1974

Kaka yangu mpendwa Nikolaus,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima huko Morogoro, pamoja na shemeji Josepha na watoto. Huku tumeshavuna, na mwili hauna neno. Kinachoniuma ni moyo, na hasira hii sina wa kumweleza ila wewe.

Unaukumbuka uwanja wetu wa mpira. Mwaka ule baada ya Uhuru tulikuwa tukicheza kwenye njia ya zamani ya misafara, mpira ukiingia kwenye mihogo ya watu tunafukuzwa. Shangazi Pelagia ndiye aliyesema tuchukue shamba lake la karanga, maana sisi ndio watoto wake. Wewe ulishika kamba tulipopima magoli. Yeye na wanawake wenzake walikichimba kichuguu kile kikubwa siku tisa, wakibeba udongo kwa vikapu. Miaka kumi na miwili hajadai hata kisado cha karanga.

Basi Saba Saba alikuja mgeni kutufungulia kijiji cha ujamaa. Lugembe, mwenyekiti wa timu, akasoma historia ya uwanja. Eti palikuwa pori tupu lisilo na mwenyewe, mpaka yeye na kamati yake walipolifyeka. Na watu wakapiga makofi! Hata waliokula karanga za shamba lile walipiga makofi. Shangazi akainuka na fimbo yake, akauliza, "Lugembe, pori gani hilo nililokuwa nikilipalilia kwa jembe langu?" Mgambo wawili wakamkalisha kama mlevi. Mwanamke wa miaka sabini!

Wiki iliyofuata vikagawiwa viwanja vya nyumba. Waliokuwa na ardhi kando ya uwanja waliachwa palepale. Shangazi akaambiwa ahamie ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nzima kutoka kisimani, kwa kuwa historia yenyewe inasema hakuwa na ardhi hapa. Penye nyumba yake amepewa Lugembe. Huu ndio undugu tunaouimba?

Kaka, nimelaumu wengi, sasa nijiseme. Historia ile niliiandika mimi. Lugembe kusoma anajua, lakini kuandika hajui ila jina lake. Mwanzo niliandika ukweli wote, jina la Shangazi likiwa mstari wa kwanza. Akaniambia nilifute, akaahidi kunisemea nipewe ualimu mkuu. Nikafuta. Shangazi alipokalishwa nilikuwa jukwaani, nikatazama viatu vyangu.

Juzi nilikwenda kumweleza. Hakunitukana. Alisema tu, "Mimi nilikuwa nangoja wewe usimame."

Jana nimesimama. Nimesoma maandishi ya kwanza mbele ya mkutano mzima, nikamtaja aliyeamuru kufuta na aliyefuta. Lugembe ameapa nitahamishiwa shule ya mbali kule Usinge. Na nihamishwe! Kamati ya kijiji inasema itafikiri, lakini nyumba imekwisha kubomolewa. Leo asubuhi nimembebea Shangazi mlango wake hadi ng'ambo ya mto. Alitangulia mbele, na njia nzima hakugeuka kunitazama.

Tafadhali nawe waandikie kamati uliyoyaona kwa macho yako, upesi, wasije wakasema nimebaki peke yangu. Shemeji na watoto wape salamu zangu. Za Shangazi sikuthubutu kumwomba.

Ni mimi mdogo wako,
Wenceslaus