Mkanda wa Misuzu

Kawasaki,
8 Desemba 1996.

Dada yangu mpendwa Kikuyo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limetulia kidogo, maana najua theluji ya Shizunai haina huruma na magoti. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Katsumi anakohoa vumbi la ujenzi, lakini anakula vizuri. Samaki samoni mkavu uliyetutumia alifika salama. Jirani wa chini alilalamikia harufu, nikampelekea kipande; sasa anauliza utatuma lini mwingine.

Habari kubwa ni Misuzu. Mtoto huyu, dada, sijui nilimzaaje. Mchana anabadilisha mashuka hospitalini, jioni anasomea uuguzi, na darasani ni wa kwanza. Sisemi hivi kwa kuwa ni wangu. Mwalimu wake ndiye asemaye, mimi narudia tu. Wanao walisaidiwa ada huko kwa kuwa ni Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa cha Hokkaido. Sisi tulipouliza, tukaambiwa msaada ni wa wanaoishi Hokkaido, kana kwamba ukivuka ule mlango wa bahari damu inabadilika. Basi anajisomesha mwenyewe, na bado anawapita.

Tarehe kumi na tano Januari ni sherehe ya vijana waliotimiza miaka ishirini. Tulikwenda duka la kukodi kimono. Mama wa duka akamshika mkono, akaniambia, "Hizi nywele za mkononi tutazinyoa kwanza, ndipo apendeze." Misuzu akauondoa mkono wake taratibu. Njiani akasema, "Mama, nitavaa ile nguo yako ya mishono."

Ndiyo hiyo niliyoidarizi Jumapili kwa Jumapili. Miiba ya nyuzi, ya shingoni na ya mikononi, imekaa sawasawa, hakuna baya litakalopata pa kuingilia. Mama yetu angetafuta kosa asingeliona, na unajua alivyopenda kutafuta.

Kiwandani, tunakopanga vyakula kwenye visanduku, Bi Oshima aliniuliza mwanangu atavaa rangi gani. Miaka yote wamenijua kama mtu wa Hokkaido tu. Nikamwambia atavaa nguo ya Kiainu, nimeishona mwenyewe. Mikono yote ikasimama juu ya wali.

"Kumbe wewe ni wa wale?" akasema. "Na mimi nilidhani ni mtu wa kawaida."

"Wa kawaida ni wewe, bibi," nikamjibu. "Mimi nadarizi."

Wawili wakacheka. Yeye hajanisalimia mpaka leo. Asinisalimie, salamu zake sizili.

Nilipokutajia nguo hiyo, uliniandikia nimwache avae kama wenzake, asije akachekwa. Nakuelewa, dada. Wewe ndiye uliyekuwa ukinishika mkono shuleni watoto walipoziba pua tukipita. Lakini Misuzu hakutuomba ushauri, ametuarifu tu. Atavaa, nami nitatembea kando yake nimeinua kidevu.

Ninachokuomba ni kimoja: ule mkanda mwembamba wa kusuka, unaovaliwa kiunoni ndani ya nguo, ambao wanaume hawauoni. Hata kuuandika hapa naona haya. Mama alikusukia wako, akakufundisha. Mimi nilipanda treni ya vijana wanaopelekwa kufanya kazi viwandani kabla zamu yangu haijafika. Msukie Misuzu, kwa namna ileile ya mama na ya mama yake, uufunge ndani ya kitambaa na kuutuma kabla ya mwaka mpya. Usiniambie mambo hayo yamekwisha. Vidole vyako havijasahau. Nguo wataiona watu wote ukumbini. Mkanda tutaujua sisi tu, na mtoto atasimama akijua ametoka kwa wanawake gani.

Msalimie shemeji Yasuji na watoto. Shangazi Tome mwambie Misuzu ana nyusi zake, na anazipenda. Mimi kila asubuhi namdondoshea Bibi wa Moto, mlinzi wetu wa jikoni, tone la pombe ya mchele kando ya jiko la gesi. Katsumi hunicheka, kisha naye huinamisha kichwa. Bibi huyo awapashe joto nyote, asiache jiko lenu lizimike.

Na ukibakiwa na nyuzi, dada, usizitupe. Mimi pia nina kiuno, ingawa kimenenepa.

Mdogo wako akupendaye daima,
Hatsue