Firigisi ya Baba

Jumapili, 14 Juni

Dawa imefanya kazi, na bado sina raha.

Ugonjwa huu wa kutetemeka umemmalizia Baba dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo. Daktari alisema dopamini ikipungua, hata viwango vya amino asidi, vile vijenzi vya protini, huvurugika ubongoni. Dawa yenyewe ni amino asidi, na ikikutana na zile za nyama, zinagombania mlango mmoja wa kuingia ubongoni. Kwa hivyo nyama ni jioni tu.

Leo Baba mdogo alikuja na watu wake kutoka Shinyalu, tukachinja kuku. Nikampakulia Baba ugali na mboga, firigisi nikaifunika kabatini.

Akaitazama sahani. "Firigisi yangu iko wapi?"

"Nimekuwekea ya jioni, Baba. Dawa ifanye kazi kwanza."

"Mzee, umepinduliwa," Baba mdogo akasema, na wote wakacheka. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na tangu nizaliwe ya nyumba hii haijaliwa na mtu mwingine ila Baba. Uso wa Baba siku hizi hauonyeshi kitu, nikadhani naye amecheka.

Saa kumi aliwasindikiza wageni hadi langoni bila fimbo. Hakuwa amefika pale tangu Pasaka. Nilifurahi, nikaandika kwenye daftari la dawa.

Jioni nikampashia firigisi moto. Hakuigusa.

"Mpe mwenye nyumba," akasema kwa ile sauti yake ndogo.

Nikamwambia mwenye nyumba ni yeye. Akageukia ukutani.

Sasa najiuliza kama aliwasindikiza, au alitaka kuondoka nao.